Ushirikiano wa Mataifa katika Jinai na Kipimo cha Uadilifu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeamrisha uadilifu na akaharamisha dhulma hata juu ya adui. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.



Miongoni mwa mambo yanayowatia wazazi wengi wasiwasi ni habari ya mtu kukamatwa katika nchi moja, kisha baada ya siku chache ikasikika kwamba yumo mahabusu ya nchi nyingine. Habari kama hizo zinapotufikia, watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema kwamba mikataba yote ya serikali kupeana watuhumiwa ni vita dhidi ya Uislamu, na kwamba Muislamu hapaswi kukubali hata mmoja. Kundi la pili husema kwamba mtu akishaitwa gaidi hana haki tena, achukuliwe vyovyote na apelekwe popote. Sisi tunaona makundi yote mawili yameiacha njia ya katikati, nayo ndiyo njia ya umma huu.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuwekea kipimo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 2, pale alipotuamuru tusaidiane katika wema na uchamungu, na akatukataza tusisaidiane katika dhambi na uadui. Aya hii haikukataza ushirikiano, wala haikuuruhusu wote. Imetutaka tuulize swali moja kabla ya kunyoosha mkono: je, jambo hili tunalosaidiana ni la haki au ni la dhulma? Hilo ndilo swali tunalokusudia kuliweka mbele ya wasomaji wetu leo, kuhusu serikali zinazoshirikiana katika kesi za jinai.

Baraza la Mfalme Najashi

Kupeana watu baina ya dola si jambo lililoanza jana. Wasomaji wetu wanaijua habari ya Waislamu wa mwanzo waliohamia Uhabeshi kukimbia mateso ya Makka. Makuraishi hawakuridhika. Walituma wajumbe wawili, Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabia, wakiwa na zawadi za ngozi nzuri kwa ajili ya mfalme na kwa kila mkuu wa baraza lake. Bibi Umm Salama (R.A.), aliyekuwa miongoni mwa wahajiri, ndiye aliyeihadithia habari hiyo kwa ukamilifu wake.

Tuutazame kwa makini mpango wa wajumbe wale. Walianza kwa kuwapa wakuu wa baraza zawadi zao, kisha wakawaomba wamshauri mfalme awatoe Waislamu kabla hajazungumza nao. Hoja yao ilikuwa kwamba watu wa mji wao ndio wanaowajua zaidi, basi hapana haja ya kuwauliza lolote. Wakuu wa baraza waliafiki. Lakini Najashi alikasirika, akasema hatawatoa watu waliokimbilia kwake mpaka awaite na asikie wanayosema. Kama mashtaka ni ya kweli atawakabidhi, na kama si ya kweli atawalinda.

Waislamu wakaitwa, na Jaafar bin Abi Talib (R.A.) akasimama kuwasemea. Siku ya pili Amr alirudi na shtaka jipya, safari hii kuhusu itikadi yao juu ya Nabii Isa (A.S.). Najashi hakulipokea kwa sikio moja. Aliwaita tena, akawasikiliza tena. Mwisho wake aliwarudishia wajumbe zawadi zao, na wahajiri wakabaki katika amani.

Hakika katika kisa hiki kuna mafunzo makubwa. Najashi hakukataa kuwasikiliza waliotoka Makka, wala hakusema kwamba nchi yake haina uhusiano na nchi nyingine. Alikuwa tayari kuwakabidhi watu endapo ingethibiti kwamba ni wahalifu. Alichokikataa ni kumtoa mtu ambaye hajasikilizwa, na kumtoa kwa uzito wa zawadi. Na tukumbuke kwamba wakati ule alikuwa bado ni mfalme wa Kikristo asiyejulikana kuwa Muislamu. Uadilifu wake ndio uliomfanya Mtume (S.A.W.) awaelekeze Maswahaba kwake, akiwaambia kwamba kwake hadhulumiwi mtu.

Namna serikali zinavyosaidiana

Katika zama zetu, yale yaliyotendeka barazani kwa Najashi yamewekewa sheria na mikataba. Ipo mikataba ya kurejeshana watuhumiwa, ambayo kwayo nchi humkabidhi mtu kwa nchi nyingine ili akashtakiwe au akatumikie kifungo. Ipo pia mikataba ya kusaidiana kisheria, ambayo kwayo nchi moja huiomba nyingine ichukue ushahidi, imhoji shahidi, itoe nyaraka za benki au izuie mali iliyoibwa. Tanzania ina sheria yake ya kurejeshana wahalifu ya mwaka 1965 na ya kusaidiana katika masuala ya jinai ya mwaka 1991. Kenya nayo ilitunga sheria ya kusaidiana kisheria mwaka 2011. Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka mwaka 2000, na mkataba dhidi ya rushwa mwaka 2003.

Ndani ya sheria hizo mna masharti ambayo mwanafunzi wa fiqhi hatayaona kuwa mageni. Kosa analodaiwa mtu kwa kawaida lazima liwe ni kosa katika nchi zote mbili. Mtu akishakabidhiwa kwa kosa fulani, asishtakiwe kwa kosa jingine ambalo nchi iliyomtoa haikuombwa. Asitolewe kwa sababu ya siasa au dini yake. Zaidi ya yote, hakimu wa nchi alimokamatiwa autazame ushahidi kwanza, na mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu na kukata shauri. Sheria za Kenya na Tanzania, ambazo zote zimetokana na mfumo wa Kiingereza, zimeweka muda wa siku 15 baada ya hakimu kuamuru mtu ashikiliwe ili akabidhiwe, apate kwenda Mahakama Kuu kupinga kushikiliwa kwake.

Masharti haya yanakubaliana na wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa Sayyidna Ali (R.A.) alipomtuma Yemen kuwa kadhi, kwamba asimhukumie wa kwanza mpaka asikie maneno ya wa pili. Kwa hivyo Muislamu hana sababu ya kuzichukia sheria hizi. Anayo sababu ya kuuliza kama zinafuatwa.

Watu watatu wa kesi moja

Ili tusizungumze hewani, tuchukue tukio lililotufika sisi wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliripuka katika balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi. Dar es Salaam walikufa watu 11, na Nairobi walikufa watu 213. Walikuwemo makarani, walinzi, wapita njia, abiria na wanafunzi. Mwenye kuisoma Sura ya Al-Maida, aya ya 32, anajua kwamba kuiua nafsi moja bila haki ni kama kuwaua watu wote. Damu ile ilikuwa na haki yake, na waliotuhumiwa kuimwaga ilikuwa wajibu watafutwe popote walipo. Katika hili hatuna shaka.

Watuhumiwa walikamatwa katika nchi mbalimbali. Hebu tuwatazame watatu, ambao kila mmoja alipitishwa njia yake.

Wa kwanza ni Mamdouh Mahmud Salim, aliyekamatwa Ujerumani Septemba 1998. Wajerumani, ambao wamefuta adhabu ya kifo, walitaka kwanza wapewe ahadi kwamba hatauawa. Marekani ikatoa ahadi hiyo, taratibu zikafuatwa, na Desemba mwaka ule ule akakabidhiwa. Muda wote ulikuwa kama miezi mitatu.

Wa pili ni Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania kutoka Zanzibar. Huyu alikimbilia Afrika Kusini siku chache baada ya mlipuko, akaomba hifadhi kwa jina lisilo lake, akaishi Cape Town. Tarehe 5 Oktoba 1999 alikamatwa na maofisa wa uhamiaji, na katika muda wa siku mbili akawa yuko mikononi mwa wapelelezi wa Marekani akiwa safarini kwenda New York. Hakupelekwa mbele ya hakimu, hakupewa wakili, wala Afrika Kusini haikuomba ahadi kama ile iliyoombwa na Ujerumani.

Kesi yake ilifika katika Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ikatolewa hukumu tarehe 28 Mei 2001. Serikali ilijitetea kwamba ile haikuwa kumkabidhi mshtakiwa, bali ni kumfukuza mhamiaji haramu tu. Mahakama ilijibu kwamba jina linalopewa kitendo haliondoi wajibu wa kuilinda roho ya mtu, na kwamba hata kama ni kumfukuza, hapakuwa na haki ya kumpeleka Marekani, nchi ambayo si kwao. Ridhaa aliyodaiwa kuitoa nayo haikuhesabiwa, kwa kuwa hakujulishwa haki zake. Majaji walikumbusha pia kwamba serikali ni mwalimu wa raia wake kwa matendo yake, na ikiivunja sheria huwafundisha watu kuidharau. Wakaamuru hukumu yao ipelekwe haraka kwa mahakama ya New York.

Mtu yule alitiwa hatiani New York, na hatumtetei. Julai 2001 baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kuafikiana juu ya kumuua, na Oktoba akafungwa maisha. Linalotuhusu ni kwamba taifa lililojitangazia katiba ya haki baada ya ubaguzi wa rangi liliambiwa na mahakama yake kwamba limekosea, nalo lilikuwa limekwisha kumtoa mtu. Hukumu ilikuja wakati hakuna tena awezaye kumrudisha.

Wa tatu ni Ahmed Khalfan Ghailani, naye ni mzaliwa wa Zanzibar. Alikamatwa Pakistan Julai 2004, akatiwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, na Septemba 2006 akapelekwa Guantanamo. Hakufikishwa mbele ya mahakama ya kiraia mpaka Juni 2009. Kesi yake iliposikilizwa mwaka 2010, upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi mmoja mzito, Mtanzania aliyetarajiwa kusema kwamba alimuuzia mtuhumiwa baruti. Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi huyo. Sababu ni kwamba serikali ilimjua kupitia maelezo ambayo mtuhumiwa aliyatoa kwa kulazimishwa alipokuwa katika gereza la siri. Mwisho, katika mashtaka 285, Ghailani alikutwa na hatia katika shtaka moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali. Mashtaka yote ya mauaji yalianguka.

Ni kweli kwamba shtaka hilo moja lilitosha kumpa kifungo cha maisha Januari 2011. Lakini ndugu msomaji, jiweke katika nafasi ya mama aliyempoteza mwanawe siku ile ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti. Alingoja miaka kumi na miwili. Alipokuja kusikia hukumu, aliambiwa kwamba mtu yule ana hatia ya majengo, ama ya mwanawe hakuna. Je, mama huyu hakudhulumiwa? Na aliyemdhulumu ni nani, kama si wale waliodhani kwamba mateso na usiri vitaharakisha haki?

Hapa ndipo tunapotaka kusimama. Wengi hudhani kwamba utaratibu wa mahakama ni zawadi anayopewa mtuhumiwa, na kwamba ukiondolewa atakayeumia ni yeye peke yake. Mambo matatu haya yanaonyesha vingine. Utaratibu ule ni haki ya aliyetuhumiwa na ni haki ya aliyeuawa pia. Anayeuvunja huwadhulumu wote wawili kwa pigo moja.

Funzo la Kampala

Jambo hili lilijirudia karibu nasi zaidi. Tarehe 11 Julai 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia mjini Kampala waliripuliwa kwa mabomu, na zaidi ya 70 wakapoteza maisha. Katika wiki zilizofuata, Wakenya kadhaa walikamatwa nchini mwao na kuvushwa mpaka hadi Uganda bila kufikishwa mbele ya hakimu wa Kenya. Familia ziliposhtuka na kukimbilia mahakamani, ndugu zao walikuwa wamekwisha kuvushwa. Mwaka ule ule jaji wa Mahakama Kuu mjini Nairobi alisema kwamba kumpeleka mmoja wao bila kuifuata sheria kulikuwa ni kinyume cha sheria. Mtetezi mmoja wa haki za binadamu kutoka Kenya, aliyekwenda Kampala kuifuatilia kesi, naye alikamatwa Septemba 2010, akakaa gerezani mwaka mzima hadi mashtaka dhidi yake yalipoondolewa.

Nini kikafuata? Kesi ilikwama kwa miaka, kwa kuwa washtakiwa waliiomba mahakama ya katiba ya Uganda iamue juu ya namna walivyochukuliwa. Ombi lao halikukubaliwa, lakini muda ulikwisha kupita. Hukumu ya kesi yenyewe ilitolewa Mei 2016. Baadhi walitiwa hatiani na kufungwa, wengine wakaonekana hawana hatia baada ya kukaa ndani kwa miaka mingi. Ndugu zetu, waliochukua njia ya mkato kutoka Nairobi hadi Kampala walifika hukumuni baada ya karibu miaka sita. Ujerumani iliyozunguka kwa njia ndefu ya sheria ilimaliza sehemu yake kwa miezi mitatu. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nao walikuwa wameona.

Upande wa pili wa shilingi

Tungekuwa si waadilifu kama tungezilaumu serikali na kunyamazia maradhi yaliyomo mahakamani. Mwaka 2014 ndugu wawili wa ukoo wa Akasha walikamatwa Mombasa, wakihitajiwa na Marekani kwa biashara ya dawa za kulevya. Kesi ya kuwakabidhi ilianza mahakamani, ikaahirishwa na kuahirishwa, miaka miwili ikapita. Januari 2017 serikali ikawatia katika ndege kwenda New York, na kesi ikiwa bado haijesha. Walipofika huko walikiri makosa yao mwaka 2018, na miongoni mwa waliyoyakiri ni kuwahonga maofisa wa Kenya ili wasikabidhiwe. Mkubwa wao alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na mdogo wake miaka 23 mwaka 2020.

Hapa mtu anaweza kutuuliza: hakimu akinunuliwa, serikali ifanye nini? Tunajibu kwamba swali ni zuri, na linatukumbusha zawadi za ngozi zilizopelekwa kwa wakuu wa Najashi. Zawadi zile zilikusudiwa kuwatoa watu bila kusikilizwa. Rushwa ya Mombasa ilikusudiwa kuwazuia watu wasitolewe baada ya kusikilizwa. Zote ni rushwa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani anayeitoa na anayeipokea. Dawa ya hakimu aliyenunuliwa ni kumwondoa na kumshtaki, kisha kumweka aliye muaminifu. Serikali inapomruka hakimu mla rushwa leo, kesho itamruka hakimu muadilifu, na atakayerukwa siku hiyo pengine ni mwana wa mtu asiye na kosa lolote.

Na vijana wetu walioangamia kwa unga katika mitaa ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam nao wana mama zao. Ushirikiano wa mataifa katika kuwakamata wanaoingiza sumu hiyo ni katika kusaidiana kwa wema ambako aya imetuamuru. Haifai tuwe wepesi wa kulia anapochukuliwa mfanyabiashara wa unga kwa sababu tu ana jina kama letu.

Ahadi na mipaka yake

Wapo wanaouliza: je, Muislamu anaruhusiwa kuheshimu mkataba wa kumrejesha mtu kwa wasio Waislamu? Jibu limo katika Sulhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Moja ya masharti yake lilikuwa kwamba atakayetoka kwa Makuraishi kuja kwa Mtume (S.A.W.) bila idhini ya walii wake, atarudishwa. Kabla mkataba haujakamilika kuandikwa, akatokea Abu Jandal (R.A.) akijikokota na minyororo yake. Mtume (S.A.W.) aliumia, Maswahaba wakaumia, lakini ahadi ilitekelezwa mchana, mbele ya watu wote, na Abu Jandal akausiwa asubiri kwani Mwenyezi Mungu atamfungulia njia. Tena walipokuja wanawake waumini, Mwenyezi Mungu aliteremsha katika Sura ya Al-Mumtahana, aya ya 10, kwamba wachunguzwe, na ikithibiti kuwa ni waumini wasirudishwe, na mahari yaliyotolewa na waume zao yalipwe.

Hatusemi kwamba kila mkataba wa leo ni Hudaibiya, kwani ule ulikuwa na hukumu zake mahususi ambazo wanazuoni wamezijadili kwa urefu. Tunachukua mambo mawili yaliyo wazi. La kwanza, ahadi ya mataifa ni ahadi, na Muislamu haivunji kwa siri. La pili, ahadi ina mipaka, na aliye nje ya mipaka hiyo hatolewi hata kama upande wa pili unamtaka, wala haki ya mali ya upande huo hailiwi. Hayo ndiyo masharti ambayo leo tunayaona yameandikwa katika sheria, na ndiyo tunayodai yatekelezwe.

Wajibu wetu

Tuanze na sisi wenyewe. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.), kwamba Mwenyezi Mungu amemlaani mwenye kumpa hifadhi mhalifu. Nyumba ya Muislamu si pango la kumfichia aliyeua au aliyeiba mali ya umma. Mzazi anayeona mwanawe anabadilika, anasafiri bila kuaga, ana fedha asizozieleza, asinyamaze kwa kuona haya. Mficha uchi hazai. Aulize mapema, na awashirikishe wazee na maimamu, kabla swali hilo halijaulizwa na polisi wa nchi nyingine.

Pili, familia zijue haki zao kabla ya siku ya shida. Mtu wenu akikamatwa, ulizeni mara moja yuko kituo gani na kwa kosa gani, na tafuteni wakili siku hiyo hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, kama muda huo umeangukia siku za kazi. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inamhesabu mtu kuwa hana kosa mpaka ithibitike. Mahakama Kuu inaweza kuombwa iamuru aliyeshikiliwa aletwe mbele yake akiwa hai, na ombi hilo lina maana akiwa bado ndani ya nchi. Aliyekamatwa ugenini naye ana haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe, chini ya mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Misikiti yetu ina kamati za mazishi na kamati za ujenzi. Hatuoni kwa nini isiwe na orodha ya mawakili waaminifu wa kuwaendea saa ile ya dhiki.

Tatu, tunawanasihi viongozi wetu. Mlipopewa madaraka mlikabidhiwa amana, na raia ni sehemu ya amana hiyo hata akiwa mtuhumiwa. Nchi rafiki ikikuombeni mtu, iambieni ilete ombi lake na ushahidi wake mahakamani. Akionekana ana kesi ya kujibu, mkabidhini mchana, kwa masharti yaliyoandikwa, na familia yake ijue aliko. Mwenyezi Mungu ametuonya katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu, kwani uadilifu ndio ulio karibu zaidi na uchamungu. Aya haikusema tuwafanyie uadilifu tunaowapenda, kwani hilo kila mtu hulifanya.

Najashi hakuwa na katiba iliyoandikwa, wala mkataba wa Umoja wa Mataifa, wala Mahakama Kuu. Alikuwa na kiti chake na hofu yake kwa Mola wake. Kwa vitu hivyo viwili alijua kwamba haifai kumtoa mtu kabla ya kumsikiliza. Alipofariki, Mtume (S.A.W.) aliwatangazia Maswahaba msiba wake siku ile ile, akawapanga safu na kumswalia akiwa mbali. Hiyo ndiyo daraja ya mtawala aliyewakataa wajumbe wenye zawadi akawasikiliza wageni wasio na kitu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliouawa bila haki, awape subira wafiwa wao, awatoe kifungoni walioonewa, awaongoze waliopotea, na awajaalie watawala wetu nyoyo zinazomuogopa Yeye kabla ya kumuogopa mwingine yeyote. Amin.

Wabillahi Tawfiq.